Giza la Saa Kumi na Nusu

Mama yangu alizaliwa Tanga na ameishi hapa Minneapolis tangu 2003, lakini bado anahesabu saa kwa Kiswahili. Akiniambia nirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, najua ni ile ambayo simu yangu inaiandika 6:00. Wengi wenu mmekua na hesabu hiyo hiyo, na wengine mmekutana nayo hapa chuoni katika muhula wa kwanza, mkalalamika kwamba inachanganya. Haichanganyi hata kidogo ukiwa mahali ilikozaliwa. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Kwa mwaka mzima, siku ndefu kuliko zote inaizidi siku fupi kuliko zote kwa nusu saa hivi. Jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili, na saa moja kumekucha. Linatua kwenye saa kumi na mbili, na saa moja usiku umeingia. Mtu hahitaji kueleza zaidi.

Hapa hesabu hiyo inavurugika. Mwishoni mwa Desemba jua la Minneapolis linachomoza ikikaribia saa mbili asubuhi na linatua saa kumi na nusu jioni. Mchana wote ni saa 8 na dakika 46. Mwezi wa Juni mambo yanageuka: jua linatua saa tatu usiku, na neno "usiku" lenyewe linakuwa uongo. Mama anasema majira yake ya kwanza ya baridi aliamka usingizi wa mchana saa kumi na moja jioni, akaona giza totoro dirishani, akaamini ni saa tano usiku na kwamba amechelewa kazini. Akavaa mbio mbio. Alipofika kituo cha basi akawakuta watoto wa shule wanarushiana theluji.

Kisa hicho amekisimulia kila mwaka, na kila mwaka tumecheka naye. Januari ya mwaka jana alikisimulia bila kucheka. Alipomaliza aliniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Nikihamia kwa mjomba wako, nitapona?"

Mjomba anaishi Phoenix, Arizona. Makala haya ni jibu langu kwa Mama. Limenichukua mwaka mmoja.

Nilidhani ananikasirikia

Kwanza lazima nikiri kosa langu. Kuanzia Novemba ya mwaka ule Mama alibadilika. Analala saa kumi na bado anaamka amechoka. Sahani ya wali inaongezwa mara mbili, halafu anasema hajisikii vizuri. Simu za dada zake kutoka Tanga zinalia mpaka zinanyamaza. Wageni wakija anajifungia chumbani. Jirani mmoja alisema ana mawazo tu, mwingine akasema tumwombee. Mimi nilidhani ananikasirikia kwa sababu nilikuwa nimebadilisha somo langu kuu bila kumshauri. Basi nami nikanuna. Wiki kadhaa tulipishana jikoni kama wapangaji wawili.

Aliponiuliza swali lile ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anatumia neno "kupona". Mtu huponi hasira. Unapona ugonjwa.

Nilianza kusoma, na mtu wa kwanza niliyekutana naye vitabuni naye alitoka Afrika. Norman Rosenthal alisomea udaktari Johannesburg, ambako jua halikosekani hata wakati wa baridi. Mwaka 1976 alihamia New York. Majira ya baridi yalipoingia aliona nguvu zinampungua na kazi za kawaida zinamwelemea, na majira ya kuchipua yalipofika akarudi kuwa yule yule wa zamani. Mwaka 1984 yeye na wenzake, katika taasisi ya taifa ya Marekani ya afya ya akili, walichapisha maelezo ya hali ambayo leo madaktari wanaitambua duniani kote: sonona inayokuja na majira na kuondoka na majira. Dalili walizoziandika nilizisoma kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kuhusu nyumba yake. Kulala sana, kula sana, hasa vyakula vya wanga, kukosa hamu ya watu.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi yanaanzia kwenye jicho. Ndani yake kuna chembe hai ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga na kupeleka habari kwenye saa iliyomo ubongoni. Giza likiingia, ubongo unatoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba ni usiku. Asubuhi ikichelewa kung'aa, saa ya mwilini nayo inachelewa. Mwalimu ameshaanza kipindi, na mwili wako unaamini bado ni alfajiri.

Mtu atasema: lakini tuna taa. Hapo ndipo macho yanapotudanganya. Mwanga hupimwa kwa luksi. Sebule yenye taa nzuri ina luksi mia chache tu. Nje, hata siku ya mawingu, ni maelfu, na jua la mchana likiwa wazi hufika 100,000. Kwa kuwa jicho linajirekebisha haraka, hatuoni jinsi tofauti ilivyo kubwa. Saa ya mwilini inaiona.

Je, aliye juani ana furaha zaidi?

Basi nikadhani nimepata jibu: Phoenix kuna jua, Mama ahame. Lakini nilipoendelea kusoma nilikuta watu waliouliza swali letu kwa upande wa pili.

Mwaka 1998 Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, na mwenzake David Schkade walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi karibu 2,000. Wengine walikuwa katika vyuo vya California, wengine Michigan na Ohio, majimbo ya theluji kama letu. Walioulizwa kuhusu maisha yao wenyewe walitoa majibu yanayolingana. Wa kwenye jua hawakuwa wameridhika zaidi ya wa kwenye baridi. Lakini walioulizwa kukisia mtu kama wao angejibuje akiwa upande wa pili walikisia, pande zote mbili, kwamba wa California ana raha zaidi. Kosa ni rahisi kulielewa. Ukiiwaza California ukiwa hapa, unawaza jua. Ukishahamia, unaishi: kodi ya nyumba, foleni, mwenzako wa chumbani asiyeosha vyombo. Jua liko juu, wewe huliangalii tena.

Miaka kumi na mitano kabla ya hapo, Norbert Schwarz na Gerald Clore waliwapigia watu simu siku za jua na siku za mvua, wakawauliza maisha yao yanaendaje. Siku za jua watu waliyasifu zaidi maisha yao. Lakini anayepiga simu akitangulia kuuliza, kama kwa mazoea, "Huko hali ya hewa ikoje?", tofauti ilitoweka. Mtu akikumbushwa kwamba mvua inanyesha, anaacha kuitupia lawama ndoa yake. Hata hilo si la kutegemea sana: mwaka 2013 Richard Lucas na Nicole Lawless walichapisha uchambuzi wa majibu ya Wamarekani zaidi ya milioni moja, na hawakuona kwamba hali ya hewa ya siku ile inabadilisha kwa uhakika jinsi watu wanavyoyapima maisha yao.

Na Finland? Nchi hiyo ina giza la Desemba kutuzidi sisi, lakini kuanzia 2018 hadi 2025 ndiyo iliyoongoza kila mwaka katika ripoti ya dunia ya furaha. Nao watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 1993 kwamba sonona ya majira ni adimu kwao kuliko pwani ya mashariki ya Marekani, ingawa wao wako kaskazini zaidi.

Hapa nilichanganyikiwa. Daktari anasema mwanga una nguvu juu ya mwili. Wanasaikolojia wanasema hali ya hewa haiyabadilishi maisha kama tunavyodhani. Mkweli ni nani? Niliona baadaye kwamba wanajibu maswali mawili tofauti. Kukosa mwanga wiki nyingi mfululizo kunaweza kumwangusha mtu ambaye mwili wake hauvumilii. Hilo ni suala la tiba. Wapi pa kuishi ili uridhike na maisha yako ni suala jingine, na jua ni sehemu ndogo tu ya jibu lake.

Julai ya Phoenix

Tulikwenda kujionea. Julai iliyopita Mama nami tulikaa kwa Mjomba wiki mbili. Tulipotoka nje ya uwanja wa ndege joto lilitupiga usoni kama vile umefunua sufuria ya maji yanayochemka, ila bila mvuke. Mjomba alicheka. Akatukumbusha mwaka 2023, walipopata siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi.

Siku tatu za kwanza Mama alikaa kibarazani asubuhi kama aliyerudi kwao. Siku ya nne alianza kuingia ndani saa mbili. Baada ya hapo tuliishi kama jirani zetu wote: mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma, watoto hawachezi nje, gari linatoka gereji hadi gereji. Dukani tulikwenda usiku. Jioni moja Mama alisogeza pazia kidogo, akatazama mtaa mtupu, akasema: "Kumbe na huku wana Januari yao, ila inakuja Julai."

Nilikumbuka utafiti mwingine, wa Matthew Keller na wenzake, wa mwaka 2005. Waliona kwamba hali nzuri ya hewa katika majira ya kuchipua inainua moyo wa mtu anayetoka nje. Anayebaki ndani haimsaidii, na hata inaweza kumchosha. Na mahali penye joto jingi, joto likizidi wakati wa kiangazi, moyo unashuka. Jua lisilokaliwa halina faida.

Nilimuuliza Mjomba kwa nini basi anaipenda Phoenix. Mji huo ulikuwa na watu wapatao 107,000 mwaka 1950, na mwaka 2020 walihesabiwa zaidi ya milioni 1.6. Watu hawakufuata jua peke yake, kwa kuwa jua lilikuwako siku zote. Kiyoyozi kilienea majumbani, kazi zikaja, nyumba zikajengwa nyingi na za bei nafuu. Mjomba alijibu kwa maneno machache: "Mimi nilifuata kazi. Jua nililikuta."

Niliporudi chuoni nilimsimulia hayo mwanachama mwenzetu ambaye ukoo wake ulitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 na sasa uko Maskati. Alicheka sana. Kwao, anasema, likizo maana yake ni kulikimbia jua. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba watu wa Oman na nchi jirani za Ghuba wanaendesha magari mamia ya kilomita kwenda Salalah, kusini, kukaa kwenye ukungu na manyunyu huku milima imekuwa kijani. Wanaouleta unyevu huo ni upepo wa kusi, ule ule uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka pwani yetu kwenda Arabuni. Familia zinatandika mikeka penye tope, zinapika, na hakuna anayefungua mwavuli.

Nikaona kwamba hata Kiswahili chetu hakilisifu jua ovyo. Kenya, "jua kali" ni jina la kazi ya fundi asiye na paa. Tanga mgeni anakaribishwa kivulini, chini ya mwembe au barazani. Jua la kusifiwa ni la asubuhi, lile ambalo bibi zetu humtoa mtoto mchanga kulipata kwa muda mfupi, kisha wanamrudisha ndani. Ni sisi tuliozaliwa kwenye theluji tunaoliota jua la saa nane mchana.

Daftari la siku saba

Mwezi wa Desemba nilifanya jambo ambalo ningelifanya mapema. Kwa siku saba niliandika kwenye daftari ni saa ngapi Mama anakuwa nje au karibu na dirisha wakati kuna jua.

Mama anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Akitoka kazini bado ni giza. Basi linamfikisha nyumbani jua linapochungulia. Anafunga mapazia, analala. Anaamka saa kumi, na nusu saa baadaye jua limetua. Siku zake za mapumziko analala vivyo hivyo, kwa sababu mwili umezoea. Nilipojumlisha siku zote saba, alikuwa ameliona jua kwa muda usiotimia saa mbili.

Kumbe si Minnesota peke yake iliyomnyima jua. Angeichukua zamu hiyo hiyo na kuipeleka Phoenix, angelala mchana mapazia yamefungwa huko pia.

Nilimwonyesha daftari. Alilitazama muda mrefu. Kisha akakubali kwenda kwa daktari, jambo ambalo nilikuwa nimemwomba tangu kiangazi. Daktari alimsikiliza, akapima damu, na kumweleza kuhusu taa ya tiba: luksi 10,000, nusu saa kila siku mara tu anapoamka, pembeni ya uso bila kuikodolea macho. Alionya kwamba taa hiyo si ya kila mtu. Mwenye ugonjwa wa macho au mwenye vipindi vya kuchangamka kupita kiasi aulize kwanza. Alimwandikia pia vitamini D, kwa kuwa ngozi nyeusi inaitengeneza polepole na jua la hapa wakati wa baridi liko chini mno, tena nyuma ya kioo halisaidii. Lakini vitamini ni habari ya mifupa kwanza, alisema. Jicho, tofauti na ngozi, linafaidika hata na mwanga wa dirishani.

Hatua ngumu ilikuwa ya tatu. Mama aliomba zamu ya mchana na kuipata Januari, ila zamu ya mchana haina nyongeza ya usiku. Nyongeza hiyo ndiyo iliyokuwa ikienda Tanga kwa Bibi kila mwezi. Tulikaa mezani na kikokotoo. Mimi nimeongeza saa zangu za kazi maktabani, na ndugu yangu mdogo ameacha usajili wa mazoezi yake ya mpira. Hela inafika kwa Bibi, pungufu kidogo. Sitaki mtu asome makala haya akadhani jua ni bure.

Sitawadanganya kwamba Mama amepona kabisa. Kuna siku ambazo bado ni nzito. Lakini anapokea simu za dada zake. Saa sita mchana siku za mapumziko anazunguka ziwa na jirani yetu Msomali, wote wawili wamevaa makoti mpaka huwezi kuwatofautisha, wakigombana kuhusu upikaji wa sambusa.

Nyota ya nani?

Kuna wazazi katika chama chetu ambao hawakuulizwa wanapenda jua au theluji. Waliondoka Kongo, wakakaa Nyarugusu miaka mingi, kisha ndege ikawashusha mahali palipopangwa. Kwao kuchagua mji kwa ajili ya hali ya hewa ni anasa. Wao wametufundisha jambo moja: walipofika walitafuta kwanza kanisa au msikiti, duka lenye unga wa ugali, na mtu wa kumwamkia kwa Kiswahili. Jua walilitafuta baadaye.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa Mjomba, Phoenix ni nyota yake. Nilipomjibu Mama nilisema hivi: "Ukihama kwa sababu unamtaka kaka yako karibu, hama, nitakufungia mizigo. Ukihama ili upone, tujaribu kupona hapa kwanza." Alinyamaza, akasema, "Sawa, lakini msinifunge. Machi nitaamua tena." Ni haki yake.

Nimalizie na sisi wenyewe. Kila Septemba viti vya chama havitoshi, na kila Februari tunakaa meza moja. Tumezoea kusema fulani ameringa, fulani ameacha Kiswahili. Mwaka huu tuulize kwanza kama fulani analiona jua. Ukijiona wewe ndiye fulani, na hali hiyo inazidi wiki mbili, nenda kwa daktari. Na ukijisikia huna sababu ya kuishi, usingoje hata kesho.

Kwa ruhusa ya walimu wetu, mkutano ujao hautakuwa saa moja usiku. Tutakutana saa sita mchana, chumba cha juu chenye madirisha yanayotazama kusini. Mama ameahidi kuleta sambusa, zilizopikwa kwa njia ya Tanga, siyo ya jirani.